Siku Mama Mdogo Kabula Alipotokea Kwenye Shuka

Enzi zetu pale Goweko, simu ya kugusa ilikuwa moja tu ukoo mzima, ya mjomba Shija, na kabla ya kuishika ulinawa mikono. Watoto wa siku hizi wakisikia hivyo wanacheka. Wao wanaishika na mafuta ya mihogo vidoleni, na video ikikwama kidogo wanautukana mtandao.

Nakumbuka mjomba alipotutembelea kutoka Mbeya, akiwa na video ya mama mdogo Kabula akiimba kwaya. Bibi hakuwa amemwona bintiye huyo tangu aolewe huko, na macho yake yalishaingia ukungu. Akaisogeza simu hadi puani, akairudisha.

“Naona taa tu. Mnanifariji.”

Na mjomba alikuwa anaondoka na treni ya jioni ileile.

Mimi nilishaacha shule, lakini kila kitu nilitaka kukifungua nione ndani. Niliwahi kusikia kwamba kioo cha kukuzia hutupa picha ukutani. Nikatoboa boksi la viatu, nikabandika kile kioo alichosomea babu Biblia, nikaweka simu ndani, mwanga umepandishwa wote. Ikabaki kutafuta giza. Giza la mchana lilikuwa mahali pamoja tu: bani, kibanda kisicho na dirisha tunamokaushia tumbaku. Tukaingia wote, harufu ya majani makali ikitukaba. Hatukuona kitu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, zikaumeza mwanga wote.

“Fundi wetu,” mjomba akanicheka, “umetuleta tutazame giza?”

Bibi akajivua shuka lake jeupe. “Tundikeni hili.”

Picha ikatokea, kubwa, kichwa chini miguu juu.

“Mbeya ndivyo wanavyoimba?” bibi akauliza. Tulicheka hadi tukakohoa.

Nikapindua simu, nikasogeza boksi nyuma, mbele, nyuma tena. Ghafla mama mdogo akasimama pale, mkubwa kama alivyo, akiimba. Bibi akajongea, akainua mikono yote miwili, na uso wa bintiye ukahamia viganjani mwake.

“Kabula,” akasema taratibu, “umenenepa. Wamekutunza.”

Tangu hapo nimezunguka sana, Tura, Bukene, popote treni inaposimama, na nimeona skrini pana kuliko mlango wa kanisa. Vijana wa leo wana nyuso za ndugu zao mfukoni, wanazipitisha kwa kidole gumba. Sijaona tena mtu akiupokea uso kwa mikono miwili.