Ugonjwa Usiovimba

Hapa Rubondo, kwenye kambi yetu ya wakimbizi Uganda, ukitaka watu waamini kwamba unaumwa, vimba. Vimba mguu, au tokwa na vipele, au tapika mbele yao, na jioni watakuja kwako na maombi. Mimi sivimbi. Mwili unaniuma kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, kuna asubuhi nguo ikinigusa tu begani nataka kulia, lakini ukiniangalia unaona mama mnene kidogo, ngozi nzuri, amekaa mlangoni saa ambazo wenzake wako shambani. Wanapita, wananisalimia kwa heshima zote, halafu wakifika kwenye bomba la maji wanasema wanayoyasema.

Zahanati walinipa panadol mpaka nikachoka kuzimeza. Walipima malaria, hakuna. Walipima tena, kana kwamba malaria ilikuwa imejificha mara ya kwanza. Mchungaji aliniombea, akaniuliza nimekosana na nani. Nilimwambia kwa sasa nimekosana na yeye. Hakurudi tena kuniombea, na sikumkumbuka sana.

Mwishowe walinituma Mbarara, kwenye hospitali kubwa. Daktari alinibonyeza mabega, viwiko, nyonga, magoti, na kila alipobonyeza niliruka. Hakucheka. Akaandika, akataja jina refu, fibromialjia, akaanza kueleza kwa Kiingereza, na muuguzi mmoja wa makamo akawa ananigeuzia kwa Kiswahili chao cha Uganda. Kwamba maumivu ni ya kweli. Kwamba hayaui, na hayaishi. Kwamba kuna kidonge cha jioni cha kunisaidia kulala. Halafu daktari alipotoka, muuguzi akanishika mkono taratibu, akaniambia ya kwake.

“Mama, hapana ngoja kuchoka. Chimba kidogo, pumzika, chimba kidogo. Ile siku unasikia mzuri, hiyo ndiyo itakudanganya.”

Nililia palepale kwenye kiti. Nililia kwa furaha, jamani, mtu anaambiwa ana ugonjwa usiopona na anafurahi! Lakini asiyewahi kuitwa mvivu na majirani zake hawezi kunielewa, na simlazimishi.

Sasa, sisi wamama wa hapa tunalima kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Tunajipanga mstari mmoja, kila mtu na jembe lake, kila mtu na fasi yake, sehemu yake ya upana wa mikono, na tunakwenda pamoja huku tunaimba mpaka mwisho wa shamba. Hakuna anayeinuka kabla ya wenzake. Ukiinuka, nyasi zako zinabaki zimesimama na dunia nzima inaziona. Na tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa, shamba ndilo chungu chetu. Mume wangu alibaki kwenye udongo wa Kongo, watoto wangu bado wadogo. Peke yangu nisingeweza kumaliza shamba kabla ya mvua, na bila kikundi hakuna maharage. Bila maharage tungekula nini?

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada niliwaeleza wote, pamoja na prezida wa kikundi, mama wa Uvira kama mimi, mtu wa haki sana. Prezida aliniuliza hicho kitu changu kinavimba wapi. Nikasema hakivimbi. Je, madaktari wanakata? Hawakati. Mwingine akacheka, akasema basi hata yeye anacho, mwanamke gani anayelima haumwi mgongo? Neno hilo lilinichoma, kwa sababu kweli wote wanaumwa. Niliomba nilime kidogo, nikae kidogo, nilime tena. Wakakubali kwa midomo.

Shamba la kwanza nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilipokaa chini, wao waliendelea kulima. Waliweka tu maneno mapya kwenye wimbo, kwamba leo tumepata mgeni, amekuja kutukagua. Wanaimba vizuri sana wenzangu. Nilikaa pale natabasamu kama mjinga.

Halafu ikaja siku nzuri, ile niliyoonywa. Niliamka mwili umenyamaza kabisa, na siku hiyo zamu ilikuwa ya prezida. Hasira yangu ndiyo iliyoshika jembe. Niliwatangulia wote, nikafika mwisho nikageuka kuwangoja, na vigelegele walivyonipigia! Prezida akasema kwa furaha ya kweli kwamba kumbe ulikuwa uvivu tu, umenitoka. Baada ya hapo nililala kitandani siku nyingi nikiwa siwezi hata kugeuka. Walikuja wakachungulia mlangoni, wakaondoka. Walikuwa wameshaniona nikilima.

Zamu yangu ilifika mawingu yakiwa yameshajikusanya. Walikuja wote, hakuna aliyekosa, na waliimba, na walilima chini kabisa kwenye mizizi, siwezi kuwasingizia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, ndiyo kwanza nimeanza kutembea. Walipofika mwisho wakasimama, na ndipo nilipoona. Katikati ya shamba langu kulikuwa na nyasi zimesimama, kutoka mwanzo hadi mwisho, upana wa mtu mmoja.

“Ile ni fasi yako,” prezida akasema. Hakuwa mkali. Alisema tu kama mtu anayekuonyesha kiti chako.

Na kwa desturi yetu hakuna anayekwenda nyumbani shamba halijaisha. Basi wakakaa chini pembeni, majembe magotini, wakaningoja.

Ningeweza kukataa. Ningesema nini, na kwa nani? Nilikwenda nikalima. Maneno ya muuguzi nilikuwa nayo yote kichwani, moja moja, nikayakanyaga. Sikupumzika. Wao waliimba ili kunitia nguvu, na nadhani walifikiri wananisaidia. Nilipofika mwisho tukapanda maharage pamoja haraka haraka, na mvua ikanyesha usiku huohuo.

Kesho yake sikuweza kushika kikombe. Siku zilizofuata ziko gizani, sizikumbuki vizuri. Nakumbuka watoto walimwomba jirani azime redio yake, maana sauti nayo ilikuwa inaniuma. Ndipo prezida akaja, na nusu ya kikundi nyuma yake, na uji wa mtama wenye sukari. Akakaa kitandani, akaniwekea mkono kwenye goti, mkono mwepesi tu wa huruma, nikapiga yowe. Aliutoa mkono kama ameungua. Machozi yakamjaa.

“Kumbe uko mugonjwa kweli,” akasema. “Sasa juu ya nini haukutuambiaka?”

Eti kwa nini sikuwaambia! Ningekuwa na nguvu, bakuli lingeruka. Nilifungua kinywa nimjibu, naye akadhani nina njaa, akanitilia kijiko cha uji.