Nimepigwa refer Nyeri kwa kutia chumvi kwenye maji ya meli

Wakuu, salamu kutoka Nyeri, mahali mtu huvaa koti mbili kwenda dukani. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na anayedhani natunga aje nimwonyeshe result slip.

Nasomea engineering ya meli. Ndio, Nyeri. Cheka umalize.

Project yetu ya mwisho ilikuwa kulinganisha njia za kusafisha maji ya ballast. Kwa wasiojua: meli ikishusha mzigo hunyonya maji ya bahari ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandari nyingine pamoja na viumbe wa kule ilikotoka. Hao wageni wakizoea, viumbe wenyeji hawana lao.

Tulipima njia tatu. Kuua viumbe kwa mwanga wa UV, kuwaua kwa dawa ya klorini, au kupitisha umeme ili chumvi ya bahari yenyewe itoe klorini.

Soma hiyo ya mwisho tena. Chumvi ya bahari.

Mimi nilikuwa nimeahidiwa nafasi ya cadet, yaani mwanagenzi, kwenye meli huko Mombasa, mradi nipasi hii project. Nilikuwa tayari nimemwambia mama, na mama alikuwa tayari ameambia Othaya nzima, kijijini kwetu.

Sasa supervisor wetu, mtu ambaye bahari ameiona kwa kalenda, akatutuma tuchote maji ya mto Chania. Mvua ilikuwa imenyesha na mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

UV ikashindwa kupenya ule udongo. Umeme nao haukufanya lolote, viumbe wakaendelea kuogelea kwa raha zao. Dawa ikaua kila kitu, hadi sukuma wiki ya kantini tulikomwaga yale maji. Na lengo, wakuu, lilikuwa kupunguza uchafuzi.

Nikaenda dukani, nikanunua chumvi, nikaikoroga kwenye pipa, tukawasha umeme. Harufu ya klorini ikapanda. Kwenye microscope hakuna kilichosonga. Nilifurahi sana.

Supervisor akaingia, akanusa.

"Nani ameweka chumvi?"

"Ni mimi, sir. Bahari iko na chumvi."

"Hiyo ni kupika result. Maji ni maji, kijana. Andika umeme haifanyi kazi."

Wanjohi, tuliyekuwa naye kwenye project, akanivuta kando. "Sign hiyo ripoti tu, twende. Ati unabishana na mtu ameshika marks?"

Akasaini. Mimi nikakataa.

Wanjohi amepasi na credit. Mimi nimepigwa refer, narudia project. Na ile nafasi ya cadet? Amepewa Wanjohi. Kwa hivyo kuna meli mahali fulani inayotegemea mtu aliyesaini kwamba bahari haina chumvi.

Iliniuma, sitawaficha. Kilichoniuma zaidi ni kumpigia mama, ambaye amechuma chai miaka yote hii kwa ajili ya fees yangu. Akauliza, "Kwani shida ilikuwa chumvi tu? Si ungenunua?"

"Nilinunua, mami."

Funzo nililopata: kabla hujabishana kuhusu bahari, uliza kama anayesahihisha amewahi kuionja. Na bado nikirudishwa pale nitakataa kusaini, hasira zikiwa zilezile.

Wewe ungesaini? Jibu kwa ukweli, hapa hakuna anayekupa marks.