Kanda tatu za kwenye koti la mtumba: nilivyogundua kuna bendi za Kikristo kwenye goth na post-punk

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba kabla hamjanisalimia.

Mimi si mwandishi. Shule niliishia darasa la tano pale Kilosa, mkonge ukaniita. Mkikuta nimeruka au nimerudi nyuma, nivumilieni tu. Ila haya ninayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Juzi binti yangu alikuwa jikoni, simu yake inaimba. Nikamwambia, "Mama, hebu ongeza sauti." Akashangaa. "Baba, hii unaijua? Hii ni post-punk!"

Jina nilikuwa silijui. Mlio ndio naujua. Lile gitaa la bezi kutangulia mbele kama dume la ng'ombe na vyombo vingine vyote kufuata nyuma, mimi nilikutana nalo Mikumi kabla huyo binti hajazaliwa. Tena pengine bila lile bezi asingezaliwa kabisa.

Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa enzi za ruksa. Wa rika langu mnakumbuka. Jana yake sabuni tulikuwa tunapanga foleni, mara paap, madukani kumejaa redio kutoka Dubai. Kule shambani kwenye mkonge kazi ilishaanza kulegea, watu wanapunguzwa. Mimi nikajiondokea mapema, nikapata redio ya deki mbili, nikahamia Mikumi barabarani kufungua kibanda cha kurekodi kanda.

Vijana hamjui hii kazi. Deki moja inapiga, nyingine inanakili. Mteja anakuja na kanda tupu, anachagua nyimbo, anaenda kula chipsi, akirudi kanda iko tayari. Wateja wangu wakubwa madereva wa malori ya kwenda Tunduma. Wanataka rumba, wanataka taarab, na wale waliookoka wanataka kwaya.

Adui yangu alikuwa nyani. Nyani wa Mikumi hana adabu. Aliingia kibandani siku moja akakwapua kanda, akapanda nayo juu ya mti akaivuta utepe wote. Mti mzima ukawa unameremeta kama harusini. Lakini hayo si ya leo.

Sasa siku moja nimeenda Dumila gulioni. Marobota ya mitumba ndiyo yanafunguliwa, watu wanagombania mashati. Chini kabisa likabaki koti jeusi, refu mpaka kwenye enka, zito. Nani avae koti lile na joto la Dumila? Mimi nikaliwaza, maana kuna dereva wangu mmoja wa Makambako, kwao baridi inang'ata. Nikalichukua. Dereva alilipenda akaondoka nalo, na koti ndio mwisho wake hapo.

Ila kabla sijampa nilipekua mifuko. Nikatoa kanda tatu.

Ya kwanza, cover yake ina vijana wamenuna, nywele zimesimama kama wamepigwa na umeme. Ya pili ndiyo balaa. Mtu kapaka uso unga, macho kayazungushia wanja, nyuma yake makaburi. Ya tatu ilikuwa nzuri kuitazama, mdada kavaa gauni jeupe, kasimama kwenye maua.

Nikasema hii ya tatu ndiyo ya kanisani. Hizo mbili za mashetani.

Lakini sikio halina adabu, wakuu. Nikaanza kuzipiga za mashetani. Ya kwanza ngoma yake imenyooka, haichezi, kinanda kinalia kwa juu juu. Ya pili jamaa anaimba kama yuko ndani ya kisima, gitaa linadondoka kama mvua kwenye bati. Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji, lakini nikawa nikizisikia natulia. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Madereva hawakunielewa. "Wewe bwana, umefiwa?" "Toa hiyo, tuwekee cha watu!" Mama ntilie wa jirani akaniambia wateja wake wanashindwa kumeza.

Sasa tuje kwenye kiini.

Kilosa nilikuwa na mchumba, Perpetua. Mshonaji, muimba kwaya, mdomo wake hauna breki. Baba yake, Mzee Lazaro, alistaafu reli, na pale kanisani ndiye aliyekuwa anapuliza lile tarumbeta kubwa la kuvaa begani. Bendi yao ya matarumbeta ilikuwa inaitwa kwenye harusi, Pasaka na misiba yote ya upande ule.

Nikamtuma baba mdogo Kanuti kupeleka posa. Alirudi kanywea.

"Wamekataa?"

"Hawajakataa. Mzee anasema habari zimemfikia. Eti huko Mikumi unapiga nyimbo za kuzimu mchana kweupe. Anasema uende mwenyewe, na hizo kanda, wazisikie ukoo mzima. Ndipo atajibu."

"Wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia mimi mshenga, si fundi redio."

Wakuu, nilikaa nikapiga hesabu. Nikapanga nichukue ile ya tatu ya gauni jeupe, nizifiche zile mbili, nikawapigie hiyo ukoo uridhike. Lakini moyo ukasita. Nikaona kwanza nimpate mtu wa kunifasiria.

Pale Mikumi alikuwepo Hamisi, kazi yake kuwatembeza wageni mbugani, Kiingereza anakitafuna. Nikamuweka kwenye kigoda, nikambandikia ya kwanza. Akacheka weee, akasema hawa wazungu wanahitaji uji. Kisha akasogeza sikio kwenye spika. Akanionyesha kwa mkono nirudishe nyuma.

"Huyu anasema kaburi wamelikuta tupu, mwenyewe ametoka."

"Nani katoka? Mchawi?"

"Yesu wenu, we bwege! Mimi Muislamu ndiye nikufundishe?"

Nikabandika ya pili, ya mtu wa unga usoni. Hamisi akasikiliza kichwa kainamisha. Akasema huyu anamuuliza Mungu mbona amejificha, mbona anaita usiku kucha hajibiwi, lakini hata hivyo haachi kuita. Akasema, "Huyu ana imani kuliko wewe."

Nikachangamka, nikambandikia na ile ya tatu. Haikumaliza wimbo mmoja. Hamisi alizima redio mwenyewe.

"Hii usiipeleke kwa wakwe."

"Kwani anasemaje?"

"Nikikwambia tutavunjiana heshima."

Ndiyo hivyo. Ile niliyotaka kuwapelekea ukoo ndiyo iliyokuwa uchafu mtupu. Sijui mwenye koti alikuwa anaichanganyaje na zile mbili. Binadamu.

Siku ya siku nikamuomba Hamisi tufuatane. Akaniambia ana wageni, hawezi. Nikaenda na baba mdogo Kanuti, redio nimeipakata, betri nimezianika juani ili ziamke.

Sebuleni wamejaa. Mzee Lazaro kwenye kiti chake, mama mkwe, na shangazi mtu aliyetoka Berega kwa kazi hiyo moja tu. Perpetua yuko nyuma ya pazia na wenzake. Nikaamkia mmoja mmoja, nikaitikiwa marahaba za baridi.

Zile cover zikazungushwa mkono kwa mkono. Mama mkwe alipofika kwa mtu wa unga akaifunika na kanga.

Nikaeleza yote aliyoniambia Hamisi, kaburi tupu, kuita usiku kucha. Shangazi akanikata.

"Huyo aliyekufasiria yuko wapi?"

"Ana wageni, shangazi."

"Dhehebu gani?"

"Ni Muislamu."

"Yaani Muislamu ambaye hayupo anatuthibitishia wimbo wa Kikristo ambao hatuusikii?" Akawageukia wenzake. "Mnaona mambo?"

Watu wakaguna. Baba mdogo Kanuti akaanza kutazama mlango. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti naijua:

"Shangazi, mimi naolewa na mtu, siolewi na kanda!"

"Kelele wewe! Nani kakuuliza?"

Mzee Lazaro akaionyesha redio kwa kidevu. Akasema, "Piga."

Nikaweka ya kwanza. Kwa haraka nikaikosea, nikaiweka side B, ambayo hata Hamisi hakuisikia. Bezi likaanza, ngoma ikaingia. Shangazi anatikisa kichwa. Nikasema basi, nimeshaachika kabla sijaoa.

Mara Mzee akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasogeza kiti. Chini ya zile kelele kinanda kilikuwa kinapita na sauti ya wimbo wake. Mzee akaanza kuvuma kooni kama anapuliza tarumbeta lake, pum, pum, anaifuata. Mguu unagonga sakafu. Akawaambia, "Hamuusikii? Huu si ndio wimbo tunaompigia marehemu tukitoka kanisani kwenda makaburini?"

Mama mkwe akatega sikio. Akaanza kuuimba kwa Kiswahili, taratibu, na maneno yakakaa mahali pake. Hata shangazi midomo ilikuwa inacheza, ingawa alikana baadaye.

Mimi ule wimbo nimeufuata kwenye misiba mingapi? Na kanda ile nimeipiga kutwa kucha. Sikuwahi kuutambua.

Wimbo ulipokwisha Mzee akasema, "Wimbo ni wetu. Ila wameukimbiza. Maiti hakimbizwi."

Shangazi akauliza, "Na zile nywele?"

"Nywele si zangu," Mzee akasema. Kisha akanigeukia. "Kijana, binti nakupa. Lakini Jumapili kibanda kinafungwa, unakuja Kilosa kupiga ile ngoma kubwa kwenye bendi yangu. Aliyekuwa anaipiga kahamia Kidodi kwenye miwa. Masikio unayo, tatizo lako huna mtu wa kukuongoza."

Baba mdogo Kanuti akanifinya nijibu haraka kabla hajabadili nia. Nyuma ya pazia vigelegele vilishaanza.

Basi nikaoa. Barabara ya Mikumi Kilosa kila Jumapili, vumbi mpaka kwenye kope, na ngoma nilipiga mpaka Mzee alipoishiwa pumzi ya kupuliza.

Binti yangu ameniambia yale majina sasa. Ya kwanza anaita new wave iliyochanganyika na post-punk, ya mtu wa unga anaita goth. Anasema Wakristo waliokuwa wanapiga hivyo ni wengi tu, makanisani kwao waliogopwa kwa sababu ya wanja, na kwenye kumbi waliogopwa kwa sababu ya Yesu. Nikamwambia hilo la kwanza sihitaji kusimuliwa, mimi nilikaa kwenye kikao chake.

Nilichojifunza ni kimoja. Mimi na shangazi tulikuwa sawasawa. Yeye alihukumu kwa picha, na mimi kwa picha vilevile nilikuwa tayari kuupa ukoo uchafu nikidhani ni utakatifu. Tofauti yetu, mimi nilipata mtu wa kuniambia nasikiliza nini.

Mke wangu hadi leo muziki huu haupendi hata kidogo. Nikiuweka anasema, "Zima, ulishanioa kwa huo muziki, inatosha."

Sasa wakuu, uwanja wenu. Kama kuna anayezijua bendi za namna hii ataje majina, nitamkabidhi binti anitafutie. Na wewe ambaye nyumbani ulichomewa kanda au kuvunjiwa CD kwa sababu ya picha ya juu, ilikuwa bendi gani, na je, ulishawahi kujua walikuwa wanaimba nini?