Barua Niliyomchapia Muuguzi

Mtoto alipona. Ninalisema hili mapema, maana kila nikianza kuikumbuka habari hii, nafsi yangu hukimbilia hapo kwanza, utadhani kupona kwake kulikuwa kazi yangu.

Wakati ule nilikuwa fundi wa kompyuta wa zahanati kadhaa za vijijini. Nilikuwa nimepanga chumba Gungu, mjini Kigoma, na kilichonipa mkate kilikuwa programu moja tu. Damu ikitolewa kijijini hupelekwa kwa bodaboda mpaka maabara ya mjini. Majibu yakitoka, programu ile huyavuta kwa mtandao na kuyaleta kwenye kompyuta ya zahanati. Programu ya aina hiyo haingoji mtu aifungue. Hukaa nyuma ya pazia, huamka yenyewe kompyuta inapowaka, na ikianguka hunyanyuka yenyewe. Kuipanga hivyo ni kazi ya dakika kumi. Niliifanya kazi hiyo kila mahali, isipokuwa kwenye zahanati moja mbele ya kijiji cha Simbo, kwa sababu siku ile dereva wa bodaboda alikuwa ananipigia honi nje na mimi nina haraka ya kipumbavu tangu utotoni. Niliifungua programu kwa mkono, likatokea dirisha jeusi lenye maandishi meupe, nikalishusha lisionekane, kisha nikabandika karatasi juu ya kompyuta: USIZIME. Kwenye ripoti niliandika kwamba kazi imekamilika.

Kumwambia mtu wa Kigoma asizime kitu wakati wa masika ni ujinga, na mimi sina hata kisingizio cha ugeni, maana nilishakaa miaka minne. Wingu likisimama upande wa Kongo, watu hapa hawangoji kuambiwa. Redio zinachomolewa, televisheni zinachomolewa, na vioo vya kujitazamia vinafunikwa kwa nguo, kwa kuwa kinachong'aa, wanasema, kinaita radi. Muuguzi mkuu wa zahanati ile, mama wa miaka hamsini na kitu, Muha wa hapo hapo, hakuwa na masihara na radi. Alichomoa waya, kisha akakifunika kioo cha kompyuta kwa kanga yake, kwani nacho kinang'aa. Mvua ikikatika alifunua, akachomeka, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikiwaka, alijua mashine iko kazini. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Siku moja nilipita nikaikuta kanga, nikacheka.

"Mama, hiki si kioo cha kujitazamia. Na karatasi si umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu," alisema. "Lakini radi haijui kusoma."

Kisa hicho nilikwenda kukisimulia ofisini mjini, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata siku hiyo sikukumbuka dirisha langu jeusi.

Kulikuwa na mama mmoja wa kijijini ambaye mtoto wake mchanga alitolewa damu. Alikuja zahanati kuuliza majibu, akaambiwa hayajafika. Wiki iliyofuata akaja tena, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu mtoto alikuwa amelegea, akapanda naye gari mpaka mjini, na huko akakuta majibu yalishatoka zamani, yamekaa tu yanangoja programu iyavute. Dawa alianzishiwa siku ile ile. Bosi wangu akanipigia simu kuuliza kulikoni.

"Muuguzi anazima kompyuta," nikasema.

Lilikuwa jambo la kweli, ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Muuguzi akaagizwa aandike barua ya maelezo. Kuchapa hakujua, na mtu aliyemwomba amsaidie ni mimi, niliyekuwa nimekwenda pale kujifanya nakagua mtandao. Alinipokea kwa "mwakeye", salamu ya Waha, nikamwamkia shikamoo, akanivutia kiti chake mwenyewe. Kisha akasimama nyuma yangu akitaja, nami nachapa. Alisema alichomoa kwa ajili ya radi. Akasema hakujua, hadi nilipomwambia siku ile, kwamba ukichomeka tena, programu hairudi.

Vidole vyangu vilisimama hapo. Mtu yeyote ofisini akiisoma sentensi ile angeuliza kwa nini programu hairudi, na swali hilo lingekuja moja kwa moja mlangoni kwangu.

"Hilo la programu tuliache, mama," nikasema. "Ni la kitaalamu, litawachanganya."

Mahali pake nikachapa: Nakiri kwamba nilizima kompyuta kinyume na maelekezo ya fundi. Alivaa miwani, akaisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Kinyume na maelekezo," alisema polepole. "Sawa. Karatasi ilikuwepo kweli."

Akatia sahihi. Niliona aibu, lakini mkono wangu uliikunja ile barua vizuri na kuitia kwenye bahasha.

Alipotoka kwenda kupima uzito wa watoto, nikazifanya zile dakika kumi. Nikachomoa waya, nikauchomeka, nikabonyeza kitufe, nikangoja. Programu ikaamka yenyewe, ikaanza kuvuta majibu. Nilipogeuka, muuguzi alikuwa mlangoni.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kuchomoa?"

"Chomoa tu, mama. Itarudi yenyewe."

"Kumbe ilikuwa inawezekana."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, tena bila shahidi yeyote. Nikamwambia limetoka toleo jipya. Akaitikia kwa kichwa, akasema Mungu anibariki kwa kumhangaikia, akaniletea chupa ya mawese kutoka chumba cha nyuma. Niliipokea kwa mikono miwili.

Alipewa onyo la maandishi. Mimi nilipewa zahanati nyingine tatu, kwa kuwa mitandao yangu haikatiki. Ule wa kwake haujakatika tena. Wingu likisimama upande wa Kongo, najua huko anachomoa waya na kufunika kioo, na mvua ikiisha majibu yanaendelea kuja.

Mwaka huu anastaafu. Nimeshakaa mara kadhaa mbele ya kompyuta niwaandikie ofisini ukweli, mistari mitatu tu, nayo ni kazi ya dakika kumi. Sijaiandika. Ile barua imo kwenye faili lake, ina sahihi yake na maneno yangu.