Niliacha ualimu Morogoro nikarudi Mgeta kushika nafasi ya mjomba: nashukuru, ila roho bado inauma

Wakuu wasomaji wa gazeti hili, salaam. Wa pwani na wa bara, wa msikitini na wa misheni, hamjambo nyote.

Nimesoma barua zenu muda mrefu bila kuandika yangu. Leo mvua imetufungia ndani na wino ninao, basi acha niseme. Ni mambo yangu mwenyewe. Nikiongeza chumvi, watu wa Morogoro wanaolisoma gazeti hili watanisuta.

Nilikuwa mwalimu shule ya serikali pale Morogoro, miaka saba. Nilishika darasa la chini kabisa: a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, halafu hesabu.

Wako wanaodhani ualimu ni kukaa kitini. Jaribu kufundisha wanafunzi hamsini kwa vibao ishirini, ndipo utajua.

Kazi ile niliipenda. Na nisijifanye mwema, nilipenda pia kanzu safi na kuitwa "mwalimu" sokoni. Muuza ndizi alikuwa ananichagulia mkungu mzuri nyuma ya banda kabla sijafungua mdomo. Nani asiyependa?

Sasa, asubuhi moja ya masika nikamwona dada yangu Mwajuma mlangoni mwa darasa. Ametoka kwetu Mgeta, juu milimani, amelala njiani, miguu ina tope mpaka magotini. Wanafunzi walikuwa wanaimba silabi. Nikawanyamazisha.

"Kaka, mjomba ametutoka," akasema.

Hapa niwaeleze wasomaji wa mbali. Sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ni ya ukoo huo, na mjomba ndiye anayeilinda. Akifa, mpwa wake hurithi jina na kazi. Wapwa wa kiume tulikuwa wawili, na mwenzangu alikufa kwa ndui.

Kwa hiyo nilipanda mlima kwenda kuzika, nikijua nitaambiwa nini.

Matanga yalipokwisha mama akaniita pembeni ya jiko.

"Mama, mimi ni mwalimu," nikamwahi.

"Najua. Nani alikupeleka shule?"

"Mjomba."

"Basi nisikilize. Kuna Mzungu mpima ardhi amepanda vijiti bondeni. Tumemuuliza, ametuonyesha karatasi. Karatasi inasema nini?"

"Sijaiona, mama."

"Na sisi tumeiona, hatujui inasema nini. Haya, niambie: wanafunzi wako na sisi, nani anakuhitaji zaidi?"

Wakuu, asubuhi yake nikafunga mzigo.

Nikarudi mjini kuaga. Mkuu wa shule, Mzungu, hakuamini. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe acha kalamu, shika jembe?" Akaninyima ruhusa mpaka nimfundishe kazi yule atakayechukua darasa langu. Mwezi mzima nilikaa nyuma ya darasa nikimwangalia mtu mwingine anashika chaki yangu. Alifundisha vizuri kuliko mimi. Hilo liliniuma zaidi ya kuondoka kwenyewe.

Siku ya mwisho nilikusudia kusema maneno ya maana. Nikaishia kusema, "Futeni vibao." Nikatoka.

Miezi ya kwanza Mgeta ilikuwa aibu tupu. Mikono imelainika, jembe linanitoa malengelenge, wanawake wa ukoo wanalima mistari mitatu mimi nahangaika na mmoja. Mama mdogo mmoja aliniambia, "Mwalimu, uandikie huo mmea barua labda utakuelewa." Walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, ila baadaye sana.

Kisha mpima ardhi akarudi. Amekuja na askari wawili na karani, akataka wazee waweke alama zao kwenye karatasi.

Yule karani akanitazama, akavua kofia.

"Shi... shi... shikamoo, mwalimu."

Alikuwa Selemani. Nilimfundisha miaka miwili, nilipoanza kazi. Alikuwa na kigugumizi, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani ni ukaidi. Nilimchapa. Nilimsimamisha juu ya benchi wenzake wamcheke. Leo kashika karatasi yenye ardhi ya mama yangu.

Niliitikia marahaba.

"Selemani, naomba niisome."

Akamtazama bwana wake. Akanitazama mimi. Akanipa.

Ilikuwa imeandikwa kwa Kijerumani, na chini yake kwa Kiswahili: bonde lote, kutoka mtoni hadi mwambani, ni pori lisilo na mwenyewe.

Pori! Yale ni mashamba yaliyopumzishwa. Mwaka huu unalima huku, mwaka kesho kule, udongo upate nguvu. Niliwasomea wazee kwa sauti, na hakuna aliyeweka alama. Nikamwomba mpima atembee nami. Nilimwonyesha makaburi, mifereji, mashina ya migomba ya zamani. Kila shamba nikaandika jina la mwanamke anayelilima.

Selemani aliyageuza yote kwa Kijerumani, akasimama kumsomea bwana wake. Alikwama karibu kila jina. Yule Mzungu alikuwa anagonga buti kwa fimbo, lakini Selemani hakuruka hata jina moja. Wanawake wote walisimama kimya wakimsubiri. Na mimi nikasubiri, jambo ambalo miaka miwili darasani sikulifanya.

Orodha ile ikapelekwa boma la serikali mjini, na jibu lilitoka baada ya mavuno. Mashamba ya juu na makaburi tumerudishiwa. Bonde la chini kando ya mto limekwenda kwa mlowezi. Shamba la mpunga la Mwajuma limo humo. Hajanilaumu, ila njia ile hapiti tena.

Nilipoteremka mjini kuchukua jibu hilo nilimtafuta Selemani nimwombe radhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ku... kusoma nilijua kwako," akasema. "Na fimbo zako nazikumbuka pia."

Akanikaribisha uji. Nilikunywa.

Sasa nijumlishe. Je, najuta? Ndiyo, siku nyingine. Nikipita mahali watoto wanahesabu mawe, miguu inasimama yenyewe. Lakini shukrani ni kubwa kuliko majuto. Namshukuru mjomba aliyenipeleka shule, na shule iliyonipa macho ya kusomea karatasi ile, na mama aliyeniuliza swali gumu pembeni ya jiko. Nilichojifunza ni kwamba kazi unaweza kuiacha, ila ulichowatendea watu ukiwa nayo hakiachiki, kizuri na kibaya.

Mlioacha ualimu, andikeni, mimi nasoma kila barua. Nanyi mlio kazini bado, nijibuni hasa hili: mwanafunzi mwenye ulimi mzito mnamfundishaje? Darasa sina tena, lakini nataka kujua.