Left ya Bi Chiku

Bi Chiku, mama mwenye nyumba wangu hapa Kilindoni, ana Kiingereza cha maneno arobaini hivi, na yote kayaokota jikoni. Anapika katika nyumba moja ya wageni, na kila jioni tajiri yake huchungulia masufuria akauliza kilichobaki. Naye hujibu kwa sauti, "Fishi left! Chapati left!" Kwake left ni kilichobaki, basi. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari, na mtu akikosea neno mbele yangu ulimi huniwasha.

Ramadhani iliyopita wanawe wawili, Zubery na Taufiki, waligombana kwenye grupu la WhatsApp la familia kwa ajili ya minazi ya marehemu baba yao kule Kirongwe. Zubery alimwambia mdogo wake aliyeko Dar kwamba aliyekimbia shamba hana neno shambani. Hata dakika haikupita, ikatokea: "Taufiki left". Na simu akaacha kupokea.

Nyumba nzima ilinyong'onyea, ila Bi Chiku. Alinisogezea simu yake.

"Mwalimu Cresensia, hebu soma hapa. Taufiki kabaki, sivyo?"

"Hapana, Bi Chiku. Hapo left ni kuondoka. Neno hili lina maana nyingi. Mwambie dereva wa bajaji left, atakata kushoto. Ukisema boti left, ujue imeshang'oa nanga. Inategemea limekaa na nani."

"Na chapati left?"

"Hizo zimebaki."

"Chapati left, Taufiki left. Limekaa vilevile. Mbona chapati haziondoki?"

Swali hilo lilinikera. Nilimwambia kwa ukali kwamba mwanawe amejitoa, ameondoka, na kila mtu kaelewa isipokuwa yeye. Alichukua simu yake akaenda kuchagua mchele. Nilijichukia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimekwenda kumsahihishia sarufi.

Kesho yake nilimsikia uani akimrekodia Taufiki ujumbe wa sauti.

"Baba, Mwalimu anasema umeondoka. Kasoma, simbishii. Lakini jikoni kwangu left ni kilichobaki, na kilichobaki sikitupi, nakifunika. Siku ya Idd sahani yako nitaifunika."

Hakujibiwa.

Idd ilipofika alipakua pilau, sahani moja akaifunika kwa kawa la ukindu, akaiweka mkekani kando yake. Zubery aliitazama, akainamisha kichwa. Tukala. Adhuhuri ikapita, wageni wakaja wakaenda, sahani iko palepale. Nilitamani mtu aitoe, maana nilikuwa nashindwa kuitazama.

Saa tisa bajaji ilisimama nje. Taufiki alishuka na begi dogo, shati limelowa maji ya chumvi ya boti ya Nyamisati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa ule."

Zubery ndiye aliyeinuka kwanza, akampokea ndugu yake begi. Bi Chiku hakulia wala hakukaripia. Alifunua kawa. Pilau ilikuwa imepoa, mafuta yameganda pembeni. Kisha akanigeukia mimi niliyesoma.

"Left," alisema.

"Ndiyo, Bi Chiku," nikasema. "Kabaki."