Alama za Mama Mudogo Malaika

Ukila wali wa arusi katika mutaa wetu hapa Kasongo, geuza sahani ukimaliza. Chini yake utakuta picha ndogo: samaki, kitana, birika, ufunguo. Hiyo ni kazi ya mama mudogo Malaika, mudogo wake mama yangu. Mimi Asma ndiye niliyegombana naye kuliko mutu yeyote, kwa hiyo niacheni nimweleze mimi.

Kwetu hakuna nyumba yenye sahani za kutosha arusi wala kilio. Zinatoka nyumba zote, za Waislamu na za Wakristo, zinabebwa kichwani, na kesho yake ndiyo kelele: hii ya nani? Zamani kila mama alikuwa anapaka tone la rangi ya kucha. Sasa kama wote mumenunua chupa moja sokoni, utajuaje? Nimeona wanawake wazima, wenye wajukuu, wakivutana bakuli.

Mashini ya kutengeneza picha hizo mama mudogo aliinunua kwa bibi mumoja mugeni aliyekuwa anafundisha watoto kazi za mikono, siku anauza vyombo arudi kwao. Wenzake walikimbilia viti na jiko. Yeye, mujane anayeuza muchele, akatoka na kitu cha plastiki cha bluu, kidogo kama mukate, chenye mukono wa kuzungusha, na rulo sita za plastiki ya kunata ndani ya katoni. Tulimucheka mpaka tukachoka. Lakini hakikuomba umeme, na hapa kitu kisichoomba umeme ni kitu cha akili. Unachora picha kwa karatasi, unaikata, unaiingiza upande huu, unazungusha, krr krr, inatokea upande ule ikiwa na kole, ile gundi, nyuma na plastiki nyembamba juu. Unabandua, unabandika. Otokolan, ndivyo tunavyoita picha ya kubandika. Watoto walikuwa wanazitaka kwa makaye, madaftari yao ya shule, naye aliwapa moja moja, akiwa na roho nzuri siku hiyo.

Wazo la sahani lilikuwa lake. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mama anataka picha gani, maana wengi hawakusoma, na waliosoma wana majina yanayofanana. Victorine, jirani yetu anayeuza samaki wa Nyangwe, akataka samaki. Mimi mukasi, kwa sababu mume wangu ni fundi cherehani. Mama yangu, Binti, akataka kinu. Sombe yake, majani ya muhogo ya kutwanga, ilikuwa ya sifa, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuisifu.

Arusi ya kwanza, aibu. Mama mudogo alibandika picha juu, kwenye ukingo, zionekane vizuri. Akasahau kwamba sisi sahani za arusi tunazisugua kwa majivu na mchanga, tena kwa hasira. Kufika saa sita, mabeseni yamejaa samaki na funguo zinaelea. Victorine alirudi kwake na kitana kimenata kwenye kiwiko. Wiki tatu sahani zilitangatanga mutaani, na watu wakasema Malaika ametuchanganya na kidude chake. Maji yakimwagika hayazoleki. Yeye alikaa nyumbani akajaribu mpaka akapata: picha ibandikwe chini, sahani ikiwa kavu na moto wa jua, kisha upitishe nta ya mushumaa pembeni. Majivu ndani, chini sabuni tu. Tangu hapo hakuna sufuria iliyoinjikwa kwa karamu kabla yeye hajapita.

Siku hizo nazikumbuka mpaka naumia. Alhamisi, wawili wale kwenye mukeka, mama anakata, mudogo wake anazungusha, na wanamusengenya kila mutu ambaye picha yake inapita. Nilikuwa nawaambia wanipunguzie kelele. Leo ningetoa chochote nizisikie.

Mama alitutoka mwaka jana. Ndugu yangu Hemedi akafunga nyumba ya mama kwa kufuli akarudi Salamabila kwa kazi yake. Mimi nikabeba sahani za mama kumi na mbili. Alama zilikuwa zimechakaa, na rulo ya sita imebaki kipande kifupi tu. Tulikuwa tumemutuma Jean-Paul mufanyabiashara atafute nyingine mpaka Uvira na Bukavu. Hakuna.

Nikamwomba mama mudogo kile kipande atengeneze vinu vya mama. Akakataa.

"Asma, sahani inarudi kwenye nyumba iko na mutu. Nikiweka kinu, watarudisha wapi? Tuweke mukasi wako."

Nilijua anasema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Nyumba ikifungwa inasahauliwa haraka. Mwaka wa kwanza watasema pale kwa Binti, mwaka wa pili watasema pale penye kufuli. Kile kinu kilikuwa mahali pa mwisho ambapo mama yangu bado anahesabiwa kati ya nyumba za mutaa, nami sikuwa tayari kukitoa. Basi nikamwambia anataka kumufuta dada yake. Nilisema hivyo, kwa mudomo huu. Akafunika mashini na kitambaa. Siku tisa hatukusalimiana.

Siku ya kumi alikuja na vinu kumi na viwili. Alisema rulo imekwisha, na sahani zikipotea nisimulilie.

Mwezi wa saba, Victorine alimuoza binti yake, Esther-Divine. Nikapeleka sahani zangu na za mama. Kesho yake, kabla ya saa nne, za mukasi zikarudi zote. Za kinu, hata moja haikurudi. Nikangoja mpaka alasiri, kisha nikaenda kwa mama mudogo kumwambia alikuwa na haki na mimi ni mupumbavu. Sikumaliza. Alichukua kitenge chake, tukatoka kuzitafuta.

Tulipopita kwenye nyumba ya mama tukasimama. Baraza ilikuwa imefagiwa. Mbele ya mulango wenye kufuli, sahani zilikuwa zimefudikizwa, tatu hapa, mbili pale, nne pale, tatu kule, jinsi kila aliyeosha alivyozileta kwa wakati wake. Victorine alikuwa anavuka njia na ndoo. Nikamwuliza kama hawakukumbuka kwamba mama amekufa, sisi wote tulimuzika pamoja.

"Tunajua Binti haiko," akasema. "Lakini alama ni ya hapa."

Nililia, sifichi. Mama mudogo hakulia. Alipanda baraza, akatengeneza kitenge kichwani, akabisha mulango kama anavyobisha mutu mwenye kurudisha vyombo.

"Hodi, dada," akasema.

Tukangoja kidogo, ndipo tukazibeba.